Kiongezo na Wenye Kukibeba

Kuongeza ni tendo ambalo aghalabu halihojiwi. Anayebomoa huulizwa sababu, anayeuza huulizwa kulikoni, na anayehama huagwa kwa maswali. Lakini anayeongeza hupongezwa. Akiongeza chumba, huambiwa amepiga hatua. Akiongeza shamba, huitwa mchapakazi. Akiongeza baraza mbele ya nyumba yake, majirani humpa mkono wa heri na watoto huwa wa kwanza kulikimbilia. Lugha yenyewe humpendelea, kwani neno "ongezeko" hukaa jirani na neno "neema", ilhali "upungufu" umetupwa upande wa aibu. Hata hivyo, kila kilichoongezwa hukaa juu ya kitu kilichokuwapo kabla yake, na kitu hicho hakikuulizwa. Swali linalostahili kutafakariwa, basi, ni hili: mtu anapokiongeza kilicho chake, kwa fedha yake na mahali pake, je, anawiwa nini na vile vinavyokibeba kiongezo hicho?

Swali hilo laweza kuulizwa juu ya dola, juu ya mali na hata juu ya lugha. Lakini mambo makubwa yana moshi mwingi, na jicho huona vizuri zaidi pale moto ulipo mdogo. Ndiyo maana inafaa lichukuliwe jambo la nyumbani. Achukuliwe mwenye nyumba wa Musoma, mji ulioketi juu ya rasi ndani ya Ziwa Victoria, ambaye tayari ana baraza la mbao upande wa mbele wa nyumba yake na sasa anataka kulirefusha. Baraza lake ni sakafu ya mbao iliyoinuliwa juu ya nguzo, haina kuta, na imeegemea nyumba kwa upande mmoja. Jioni upepo wa ziwa hupita chini yake na juu yake. Watoto wamekua, wakwe wameongezeka, na wageni wa siku ya mapumziko hawaenei tena. Haja yake si ya anasa, wala fedha yake si ya haramu. Ni mfano mwema kwa sababu hauna mwovu ndani yake.

Kabla ya kumwekea mizani, yafaa ikumbukwe kwamba sakafu iliyoinuliwa si jambo geni kwa Waswahili wala kwa watu wa Mara. Kiswahili kina majina yake mengi, na kila jina limebeba sababu yake. Ulingo, ambao wengine huuita dungu, ni jukwaa la miti shambani, apandapo mkulima kuamia ndege na kuyalinda mazao. Huko Bunda, ambako baadhi ya vijiji vimepakana na Hifadhi ya Taifa ya Serengeti na Pori la Akiba la Grumeti, kulinda shamba kuna maana kubwa zaidi ya kufukuza ndege, kwani tembo akivuka mpaka usiku huweza kula chakula cha mwaka mzima. Kwenye mialo ya ziwa kuna vichanja, ambapo dagaa huanikwa juu ya ardhi ili wasichanganyike na mchanga. Kuna gati, lenye kumpokea msafiri kutoka majini. Na huku pwani kuna roshani, ambayo huupa uso wa nyumba macho ya kutazamia njia. Ulingo hulinda, kichanja hukausha, gati hupokea, roshani hutazama. Baraza la nyumbani nalo lina kazi yake ya asili, nayo ni kumketisha mtu mahali ambapo hayumo ndani kabisa wala hayuko nje kabisa. Mahali ambapo mgeni anaweza kukaribishwa bila ya kuingizwa chumbani, na mwenyeji anaweza kuonekana bila ya kuwekwa uwanjani.

Kwa hiyo hoja ya kwanza ya mwenye nyumba ni njema. Wahenga walisema mgeni njoo mwenyeji apone, na baraza likiwa dogo hata uponaji huo hupungua. Lakini wema wa nia hauijibu hoja ya mbebaji. Ili kuijibu, mwenye nyumba hana budi kushuka kutoka juu ya sakafu na kuinama chini yake pamoja na seremala.

Huko chini mambo yana sura nyingine. Seremala mwenye kuijua kazi yake haanzi kwa kupima mbao mpya. Huanza kwa kisu. Hukichoma kisu katika kila nguzo pale inapokutana na udongo, kwa sababu hapo ndipo unyevu na hewa hukutana, na hapo ndipo mti huoza mapema kuliko mahali pengine popote. Nguzo yaweza kuwa imara juu na imara chini ya ardhi, lakini ikawa imelika katika kiuno chake. Hutazama pia mahali boriti ya baraza ilipoegemea ukuta wa nyumba, kwani maji ya mvua yakipata upenyo hapo hukaa, na yakikaa hula. Huangalia kutu ya misumari na njia za mchwa. Kisha huweka pima maji juu ya sakafu ili ajue ni upande gani umekwisha kutitia bila ya mtu kutambua. Baraza ambalo wenye nyumba walilikalia kwa miaka wakalidhani limetulia, kumbe lilikuwa katika safari ndogo kila siku.

Baada ya hapo huja hesabu ya uzito, nayo ndiyo yenye funzo. Baraza la awali lilikuwa na mihimili iliyolala kutoka ukutani hadi kwenye boriti ya mbele. Nusu ya uzito ilibebwa na ukuta, nusu ikabebwa na nguzo za mbele. Sasa mwenye nyumba anataka kuongeza sakafu nyingine yenye upana ule ule, na njia rahisi kuliko zote ni kuipachika mihimili mipya kwenye boriti ile ile ya mbele. Akifanya hivyo, nguzo za mbele zitabeba nusu ya sakafu ya zamani na nusu ya sakafu mpya, yaani mzigo wao utakuwa maradufu, ilhali hazikunenepa hata kidogo na tena zimezeeka. Anayetazama kutoka juu haoni lolote. Sakafu ni moja, imenyooka, inang'aa. Uzito umehamia mahali pasipo na macho.

Waswahili wanasema mzigo wa mwenzio ni kanda la usufi. Methali hii hutumiwa kumkemea asiyejua taabu ya mwenziwe, na maana yake ni kwamba kila mzigo huonekana mwepesi ukiwa juu ya kichwa cha mwingine. Ajabu yake ni kuwa inaeleza kwa usahihi kabisa kosa la fundi mvivu. Kiongezo kinachopachikwa juu ya nguzo za zamani ni rahisi kwa sababu gharama yake inalipwa na kisicho na kinywa. Na hapa ndipo maadili yanapoingia katika useremala bila ya kubisha hodi. Swali la kuuliza juu ya kiongezo chochote si tu ni watu wangapi kitawaketisha, bali ni nani atakayekuwa chini yake.

Seremala mwema hutoa shauri jingine. Hushauri sakafu mpya isimame kwa nguzo zake yenyewe, zilizowekwa kando ya zile za zamani, kila moja na msingi wake wa zege. Hushauri pia kwamba pale sakafu mbili zinapokutana, kiungo kisikazwe kiasi cha kukataa kucheza, kwa kuwa msingi mpya utatitia kidogo katika misimu ya kwanza ya mvua, nao msingi wa zamani umekwisha kumaliza kutitia kwake. Vikifungwa pamoja kwa nguvu, kipya kitakivuta cha zamani chini. Vikiachiwa nafasi ndogo baina yao, vitazoeana. Aidha ubao mkavu huvimba unapolowa, basi nao huachiwa mwanya kwa ubao mwenziwe, na mwanya huo huo hupitisha maji. Ushauri huu huongeza gharama na huchelewesha kazi. Lakini ndani yake mna kanuni nzima ya jinsi kipya kinavyopaswa kuishi na kikongwe: kiwe karibu nacho, kisimuegemee yeye aliyetangulia, na kisimlazimishe kutembea kwa mwendo wa kijana.

Wasomaji wa visiwani hawahitaji kwenda mbali kuuthibitisha ukweli huu. Katika nyumba za mawe za pwani, kutoka Lamu hadi Mji Mkongwe, upana wa chumba uliamuliwa na boriti za mikoko, ambazo haziwezi kubeba dari kwa usalama zikizidishwa urefu. Ndiyo maana vyumba vile ni virefu na vyembamba, upana wake ukiwa karibu na mita 3 au chini ya hapo. Aliyetaka nafasi zaidi hakuilazimisha boriti; alijenga chumba kingine ubavuni, chenye kuta zake. Mipaka ya mti iliheshimiwa, na heshima hiyo ikawa ndiyo sura ya nyumba. Kwa upande mwingine, Beit al-Ajaib, jumba lililojengwa mwaka 1883 enzi za Sayyid Barghash, lenye mabaraza mapana yaliyolizunguka ghorofa kwa ghorofa, liliporomoka sehemu yake kubwa tarehe 25 Desemba 2020, na watu wawili wakapoteza maisha. Kwa miongo mingi watu waliipiga picha roshani. Waliozijali nguzo, paa na maji yaliyopenya walikuwa wachache. Jumba lilisifiwa kwa kile kilichoonekana, likaanguka kwa kile kilichosahauliwa.

Mbebaji wa pili hayuko chini ya sakafu, bali yuko mbali nayo sana. Ni msitu. Bunda imekaa kwenye barabara kuu itokayo Mwanza kwenda Musoma, na mbao, kama bidhaa nyingine, husafiri kwa njia hiyo. Mbao za msonobari hutoka katika mashamba ya miti kama Sao Hill huko Mufindi, ambako mti hupandwa, hukuzwa kwa miaka 20 hivi au zaidi, huvunwa, na mwingine hupandwa. Mbao hizo ni laini, na pasipo kutiwa dawa hazidumu nje. Mninga na mkongo hudumu na hupendeza, lakini hutoka katika misitu ya asili, ambako mti mnene huchukua miongo mingi kufikia unene huo na mara nyingi hakuna aliyeupanda mwingine mahali pake. Bandu bandu huisha gogo. Mwenye nyumba akichagua mninga, anakalia muda wa watu wengine. Akichagua msonobari, anakubali kwamba kazi yake itahitaji kupakwa dawa na kurudiwa. Uchaguzi wa pili ni wa mtu aliyeridhika kuwa mlezi wa nyumba yake, asiyetaka kuwa mmiliki wake tu.

Mbebaji wa tatu ni ufuko. Baraza likirefushwa, lazima lirefushwe kuelekea mahali fulani, na huko Musoma mahali hapo mara nyingi ni ziwani, kwa kuwa huko ndiko kwenye upepo na mandhari. Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya mwaka 2004, katika kifungu chake cha 57, inakataza shughuli za kudumu za kibinadamu ndani ya mita 60 kutoka ufuko wa bahari au ziwa na kingo za mito. Huenda nyumba ilikuwapo kabla ya sheria hiyo. Lakini kiongezo hakina udhuru huo. Chenyewe kimekuja baada yake. Na hata kama asingekuwapo afisa wa kupima, ziwa lina kipimo chake. Baada ya mvua kubwa za mwanzoni mwa miaka ya 1960 maji ya Ziwa Victoria yalipanda kwa zaidi ya mita 2, na mwaka 1964 kipimo cha Jinja kikasoma mita 13.41. Mwaka 2006 ziwa lilishuka sana, likaacha wazi ardhi ambayo watu waliizoea kuwa maji, nao waliona wamepewa. Mwezi Mei 2020 likapanda tena hadi kufikia mita 13.42, likakipita kidogo kile kilele cha 1964, na wakazi wengi wa mwambao katika nchi zote tatu wakalazimika kuhama. Ziwa nalo lina baraza lake. Hulirefusha na kulifupisha kwa majira lisiyomweleza mtu, na anayejenga katika mwaka wa ukame anajenga juu ya mali ya mwenyewe aliyesafiri.

Hapa pana hoja ya kale ya wanafalsafa. John Locke, Mwingereza aliyechapisha maandishi yake juu ya serikali mwishoni mwa karne ya 17, alifundisha kwamba mtu akiichanganya kazi yake na ardhi, ardhi huwa yake, mradi awaachie wengine ya kutosha na iliyo nzuri vile vile. Mwalimu Julius Nyerere, mwana wa Butiama, aliligeuza jambo hilo katika maandishi yake ya mwaka 1958 juu ya mali ya taifa. Kwake ardhi ni zawadi ya Mungu kwa viumbe vyake vyote. Mtu ana haki ya kile alichokiongeza kwa jasho lake, lakini jasho halimpi haki juu ya ardhi yenyewe. Sheria za ardhi za Tanzania za mwaka 1999 bado zimesimama juu ya msingi unaofanana na huo, kwa kuwa ardhi yote ni ya umma, na Rais ni mdhamini wake kwa niaba ya raia.

Mafundisho hayo mawili yakiwekwa juu ya baraza la mbao, tofauti yake hudhihirika. Kwa Locke, mwenye nyumba akishapigilia mbao zake hadi ufukoni, swali lililobaki ni kama ufuko mwingine umebaki kwa ajili ya wengine. Kwa Nyerere, mbao ni zake na misumari ni yake, lakini ufuko ulio chini ya mbao haukugeuka kuwa wake hata kama hakuna mtu mwingine anayeutaka leo. Kesho atakuja mwanamke mwenye ndoo, au mvuvi anayeburuza mtumbwi wake, au mtoto anayetaka kuogelea, na njia yake itakuwa imefunikwa. Mafundisho ya Nyerere yana uzito zaidi katika jambo hili, kwa sababu ufuko haugawanyiki kama shamba. Atakayenyimwa hatua tano za ufuko hafidiwi kwa kuonyeshwa hatua tano nyingine umbali wa nusu saa. Alichonyimwa ni njia, na njia iliyokatwa mahali pamoja imekatwa yote.

Mbebaji wa nne ni jirani, naye ana kinywa, ingawa mara nyingi adabu humfunga asikitumie. Katika jambo hili watu wa pwani wamerithi mafunzo mazito. Imepokewa na Abu Huraira, ikahifadhiwa katika vitabu vya Bukhari na Muslim, kwamba Mtume (S.A.W.) alimkataza mtu kumzuia jirani yake kuchomeka ubao katika ukuta wake. Wanazuoni walikhitilafiana, wengine wakasema ni wajibu na wengine wakasema ni jambo la kupendekezwa. Lakini wote walikubaliana juu ya mwelekeo wake. Na ipo hadithi nyingine mashuhuri, isemayo kwa ufupi kwamba kusiwe na kudhuru wala kudhuriana. Zikisomwa pamoja, hadithi hizi zinakataa pande mbili za ubinafsi. Ya kwanza humkanya jirani mwenye ukuta asiunyime ubao wa mwenziwe mahali pa kuegemea ikiwa hapati hasara. Ya pili humkanya mwenye ubao asiugeuze ukarimu wa ukuta kuwa ufa. Kwa hiyo kuegemea si dhambi. Dhambi ni kuegemea pasipo kuomba, na kuendelea kuegemea baada ya ukuta kuanza kulia.

Yupo atakayepinga, na pingamizi lake ni la haki. Atasema kwamba kama kila anayeongeza ubao atawajibika kuiuliza nguzo, kuuliza msitu, kuuliza ziwa na kuuliza jirani, basi hakuna kitakachojengwa, na maskini ndiye atakayeumia kwanza, kwa kuwa tajiri alikwisha kujenga kabla maswali hayajaanza. Atasema pia kwamba maswali hayo ni mlango wa husuda, kwani jirani asiyependa kuona mwenziwe akiketi vizuri atapata sababu elfu za kumzuia. Pingamizi hili haliwezi kupuuzwa. Sheria ya mita 60 ikimbomolea mvuvi kibanda chake cha mabati huku ikizunguka jumba la mwenye uwezo, imekuwa dhuluma yenye nambari. Na ni kweli kwamba mji usioongezeka hufa.

Lakini pingamizi hilo linathibitisha kwamba maswali yaulizwe kwa usawa. Halithibitishi kwamba yasiulizwe. Tena kuuliza mbebaji si sawa na kumpa mbebaji kura ya kukataa kila kitu. Nguzo iliyochomwa kisu ikaonekana nzima huruhusu kazi kuendelea. Jirani aliyeulizwa, mara nyingi husema ndiyo, na ndiyo yake huwa msingi mwingine usiooza. Asiyeuliza ndiye anayejengea shaka, kwa sababu kila nyufa itakayotokea baadaye atatuhumiwa nayo. Isitoshe, mbao ina fadhila moja ambayo zege haina. Mbao hukubali kurudi nyuma. Sakafu iliyofungwa kwa skrubu yaweza kufunguliwa, ikafupishwa, ikahamishwa, na mvua ikaendelea kuingia ardhini kati ya ubao na ubao. Mtu anayeongeza kwa kitu kinachorudika anakiri kwamba huenda amekosea na kwamba wapo watakaokuja baada yake wenye haja nyingine.

Linabaki swali la kiasi, nalo halijibiwi na mbebaji yeyote, kwa sababu linamhusu anayeketi. Hapo Butiama ni mahali pazuri pa kulitafakari. Baada ya kung'atuka urais mwaka 1985, Mwalimu Nyerere alirudi huko nyumbani kwake, kwenye kilima kiitwacho Mwitongo. Neno "tongo" katika Kiswahili ni mahame, mahali palipokaliwa kisha pakahamwa, na jina la kilima hicho lina maana hiyo hiyo. Huko alilima, akacheza bao na wenziwe, akapokea wageni wa kila daraja. Nyumba kubwa aliyojengewa na Jeshi la Wananchi wa Tanzania kama zawadi ilikamilika mwishoni mwa uhai wake, naye hakuwahi kuikaa sana. Alifariki London tarehe 14 Oktoba 1999, akarudishwa kuzikwa Butiama. Zawadi ilikuwa ya shukrani na haina lawama. Lakini jina la kilima hunong'ona jambo ambalo kila mwenye nyumba angefaa kulisikia, kwamba kila makazi ni mahame yaliyocheleweshwa.

Mtu huyo huyo alikuwa amewahi kuweka mpaka baina ya nafasi ya kuketi na nafasi ya kujitajirishia. Azimio la Arusha la mwaka 1967 lilimkataza kiongozi kuwa na nyumba ya kupangisha. Halikumkataza kuwa na nyumba, wala halikumpimia upana wa baraza. Lilitenga kiongezo cha haja na kiongezo cha chumo. Mwaka 1991 Halmashauri Kuu ya CCM, ikikutana Zanzibar, ilililegeza sharti hilo, na Nyerere aliyakosoa mabadiliko hayo hadharani. Si lazima msomaji akubaliane na upande wowote wa mjadala huo wa kisiasa ili aone mantiki yake. Kuna kuongeza kunakokoma kwenyewe, kwa sababu haja ina ukingo: watu wakishaenea, baraza limetosha. Na kuna kuongeza kusiko na mahali pa kukoma, kwa sababu kila kinachoongezwa huzaa hamu ya kingine. Mwenye nyumba wa Musoma anaweza kujipima kwa swali dogo: akijenga sakafu hii, je, anaweza kuwataja watakaoiketia? Akiwataja kwa majina, haja yake ina ukingo. Akishindwa kuwataja, basi anajengea macho ya wapita njia.

Wapenzi wa ushairi watakuwa wamekwisha kuona kwamba jambo hili linawahusu zaidi ya seremala. Lugha nayo ni nyumba yenye nguzo za zamani, na watu wa ziwani ni miongoni mwa walioirefushia baraza. Nyerere, ambaye lugha yake ya kwanza ilikuwa Kizanaki, alitafsiri tamthilia za Shakespeare kwa Kiswahili, Julius Caesar mwaka 1963 na Mabepari wa Venisi mwaka 1969, kwa mistari isiyofungwa na vina. Euphrase Kezilahabi, mzaliwa wa Namagondo katika kisiwa cha Ukerewe, ambacho kivuko chake upande wa Bunda huanzia Kisorya, alichapisha Kichomi mwaka 1974, na mashairi yake yasiyo na vina wala mizani ya kawaida yakazusha mzozo mkubwa. Miaka 20 kabla ya hapo, mwaka 1954, Kaluta Amri Abedi alikuwa amezikusanya sheria za kutunga mashairi katika kitabu, ili nguzo zijulikane na zisiozeane gizani. Wapo waliosema kwamba kiongezo cha Kezilahabi kitaiangusha nyumba. Wapo waliosema kwamba nguzo za Amri Abedi ni gereza.

Kipimo cha baraza chaweza kuwasuluhisha. Shairi lisilo na vina likiacha tu vina na kutegemea uvumilivu wa msomaji, hilo limepachikwa kwenye boriti ya zamani na halina nguzo yake. Lakini likiwa na mapigo yake, taswira zake na mantiki yake, limesimama kwa miguu yake ubavuni mwa shairi la mapokeo, wala halikulipunguzia kitu. Nalo shairi la mapokeo, likiwa imara, halina sababu ya kuunyima ubao wa jirani mahali pa kuegemea. Hatari imo katika jambo jingine, nayo ni kuisifia sakafu mpya na kuacha kuzichoma kisu nguzo za zamani: kuacha kuwasoma wakongwe, kuacha kuwafundisha watoto hesabu ya mizani, kisha kushangaa siku lugha inapotitia upande mmoja.

Mwenye nyumba wa Musoma, akiyazingatia haya yote, hatakosa baraza. Atabadilisha nguzo mbili zilizolika kiunoni kabla ya kununua ubao wa kwanza. Ataielekeza sakafu ubavuni mwa nyumba badala ya ziwani, ingawa huko mandhari ni haba. Atakwenda kwa jirani yake jioni moja, aketi, azungumze habari za watoto kwanza, kisha aseme anachokusudia. Atachagua mti uliopandwa, na atajua kwamba baada ya miaka michache itambidi aupake dawa tena. Sakafu yake itakuwa fupi kuliko alivyoipanga. Lakini yeyote atakayeketi juu yake hatakuwa ameketi juu ya mtu.